Makaburi Mawili Chini ya Dirisha la Bi Zuwena

Mwezi uliopita tulimzika Abdalla, mwana wa Mzee Khamis muuza kahawa. Tulimzika nje ya mji, kwa kuwa makaburi yetu ya zamani, yale ya nyuma ya msikiti hapa Mji Mkongwe, yalikwisha jaa tangu mimi na yeye tukiwa vijana. Talakini, yale maneno asomewayo maiti kaburini, ilipokwisha na watu walipoanza kutawanyika huku wakipangusa mchanga mikononi, shemeji wa marehemu, Mbarouk, mwana wa Mzee Mbwana mwadhini, alinishika mkono wa kanzu akanivuta pembeni. Macho yake yalikuwa mekundu. Nikajiweka tayari kumpa maneno ya subira, maana ndiyo kazi yangu na akiba ninayo. Badala yake yeye ndiye aliyesema. Aliniinamia sikioni akaninong'oneza jambo fupi, nami, mzee mwenye ndevu nyeupe na mwalimu wa watu, nikacheka makaburini. Nikajifanya nakohoa. Mtu mmoja akanikimbilia na chupa ya maji, na mwengine akasema kwa huruma, "Maalim amelemewa na msiba." Nilimwomba Mola msamaha palepale na njia nzima, na kila nilipomaliza kuomba nikacheka tena. Jambo lenyewe nitalitaja mahali pake. Halifahamiki bila ya mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi na tisa, mwaka nilioandika upya vibao vya makaburi.

Mwaka ule nilikuwa nasoma kwa Maalim Sleyum, aliyekuwa na chuo chake kwenye chumba cha pembeni mwa msikiti, chumba chenye mkeka mmoja mkubwa, dirisha moja dogo na harufu ya wino na mafuta ya taa. Maalim macho yalikuwa yameanza kumwishia. Msahafu hakuuhitaji, kwani alikuwa nao kifuani, lakini vibao vya makaburi, ambavyo yeye ndiye aliyekuwa akiviandika miaka yote, vilimshinda. Rangi ilikuwa imebambuka na majina yameanza kufutika. Shaabani ilikuwa imeingia, na ada yetu ni kwamba Ijumaa ya mwisho ya mwezi huo, kabla ya Ramadhani, kila familia huja kuwazuru watu wake na kuwasomea Yasini. Maalim akaniita. "Idi." "Naam, Maalim." "Hati yako nzuri. Utaviandika vibao vyote upya. Ukinifanyia kazi hii vizuri, Ramadhani hii nitakukalisha mahali pangu, uwasomeshe watoto." Kisha akaongeza, na maneno hayo yalikuja kuninyima usingizi, "Lakini jua kwamba kibao ni ushahidi. Kinamsemea mtu asiyeweza tena kujisemea."

Niseme kwa asiyejua kwamba sisi hatuyajengei makaburi yetu. Ni mchanga na kokoto, jiwe la kichwani na jiwe la miguuni, na kwa wanawake huongezwa jiwe la tatu katikati. Kinachomtofautisha huyu na yule ni kibao kidogo cha mbao kilichofungwa kwa waya kwenye jiwe la kichwani, basi. Vilikuwa thelathini na kimoja. Mtu mwenye akili angeving'oa kimoja kimoja, akakiandika na kukirudisha. Mimi nilikuwa na akili nyingi zaidi ya hapo. Nikavipa namba kwa chaki kwa nyuma, nikaandika namba zilezile kwa chaki juu ya mawe, kisha nikaving'oa vyote kwa mkupuo nikavipeleka kwenye baraza ya msikiti nifanye kazi kivulini. Nilipaka rangi nyeupe siku ya kwanza. Siku ya pili nikaandika majina kwa rangi nyeusi, nikizivuta herufi kwa madaha, nikijiona nimekwisha kaa pale mahali pa Maalim. Siku ya tatu, baada ya Adhuhuri, ikanyesha mvua ambayo haikuwa ya msimu wowote. Haikuchukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Nilisimama mlangoni nikasema Alhamdulillahi, joto litapungua. Nilipokwenda makaburini na vibao vyangu vya kwanza mikononi, mawe yalikuwa safi kama yametoka kuogeshwa. Hakuna namba hata moja.

Nilikaa chini pale kwenye majimaji. Nilikuwa na majina thelathini na moja na makaburi thelathini na moja, na wiki moja ya kuyakutanisha. Kumwendea Maalim sikuthubutu. Kuziendea familia na kuuliza, "Samahani, baba yenu yuko wapi?" ilikuwa vibaya zaidi. Mawe matatu yalinisaidia kuwatenga wanawake kumi na wawili na wanaume kumi na tisa, nikaona nimefika mbali, hata nilipokumbuka kwamba bado sijui hata mmoja. Ndipo sauti ikaja kutoka juu. "Wewe mwana, umepoteza ufunguo au umepoteza maiti?"

Alikuwa Bi Zuwena. Nyumba yake ilipakana na makaburi, na dirisha lake la ghorofani lilitazama moja kwa moja chini, karibu mno hata majirani wakisema kwamba akidondosha kijiko kinamwangukia marehemu. Wanawake wa kwetu hawalifuati jeneza. Bi Zuwena hakulifuata hata siku moja. Jeneza lilimfuata yeye, likaja chini ya dirisha lake, naye kwa miaka hamsini hakupitwa na maziko, akiwa amejifunika buibui kwa heshima na viwiko vyake viko juu ya mto mdogo aliouweka dirishani kwa kazi hiyo. Nilisema, "Shikamoo, Bi Zuwena." "Marahaba. Panda juu. Nshakuona tangu uling'oa kile cha mwanzo, nikasema, huyu ama mwerevu sana ama basi tena."

Nilipanda nikitegemea kuambiwa huyu hapa na yule kule, nishuke. Nilikuwa simjui Bi Zuwena. Yeye hakuwakumbuka watu kwa safu wala kwa hesabu. Aliwakumbuka kwa maisha yao, na hakuna maisha aliyokubali kuyaanza katikati. Chumba chake kilikuwa na kitanda cha besera chenye nguzo na pazia, kabati la vikombe ambavyo havikuwahi kunywewa, na jiko la mkaa penye kona lililokuwa na kitu juu yake saa zote. Aliweka mbele yangu muhogo wa nazi na kipande cha papa, akasema, "Kula. Mtu hasikilizi na njaa." Nikamwuliza kuhusu kaburi la pembeni kabisa, karibu na ukuta. "Ah, Fundi Simai seremala," akasema, na alipofika kwenye kifo chake nilikuwa nimekula sahani mbili na Alasiri inaadhiniwa. Fundi Simai ndiye aliyelichonga jeneza la mtaa wetu. Alilipima kwa mtu wa kawaida, akasahau kwamba yeye mwenyewe alikuwa mrefu kama mnazi, na zamu yake ilipofika miguu ikatoka nje. "Akapita hapa na miguu yake imetangulia, kama mtu anayechungulia njia," alisema Bi Zuwena. "Watu wanasema lailaha illallah huku wanajiuma midomo. Mimi sikujiuma, nilikuwa peke yangu."

Ikawa hivyo siku nne. Kila baada ya Adhuhuri, mtaa unapolala, nilipanda, nikala, nikasikiliza, nikaandika kwenye daftari, kisha nikashuka na vibao na waya, naye akawa ananiongoza kutoka juu kwa kipepeo cha kupepea mkaa. Tulikubaliana kufanya kwa siri. Siri ya Bi Zuwena ilisikika hadi sokoni. "Kushoto! Kushoto kwako, siyo kwangu! Siyo huyo, huyo Bwana Omari mpishi. Hebu rudi nyuma, ushamkanyaga Bi Mize!" Kwa njia hiyo nilimjua Bi Mize, aliyekaanga maandazi miaka thelathini na hakuwahi kuonja hata moja kwa kuwa yalikuwa yakimpa kiungulia. Nilimjua Bwana Omari, aliyewapikia wafanyakazi wa shamba la Kizimbani mpaka karafuu zikamwingia mwilini, ikawa hata chai aliyomimina mwenyewe haikuhitaji kiungo. Nilimjua fundi wa saa aliyechelewa kila sala ya maisha yake, na siku ya kusaliwa yeye, imamu akachelewa. Nilimjua mtu wa Nungwi aliyekuja mjini kuuza kamba kwa siku moja, akakaa miaka ishirini na mitano kumkwepa mama mkwe wake, na mama mkwe naye akahamia mjini, akafa, akazikwa kaburi la pembeni yake. "Ndiye huyo hapo," alisema Bi Zuwena akinyoosha kipepeo. "Maskini, kumbe ilikuwa imeandikwa." Nimesoma vitabu vingi baada ya hapo kuhusu mauti na mazingatio yake, na navishukuru. Lakini nilichojifunza juu ya kumrehemu mtu aliyekufa, yaani kumpenda pamoja na vichekesho vyake, nilijifunza chumbani mle, mdomo umejaa muhogo.

Siku ya nne vilibaki vibao viwili na makaburi mawili, ubavu kwa ubavu chini ya dirisha kabisa, na Bi Zuwena akanyamaza. Sikuwahi kumwona amenyamaza. Akaweka kipepeo chini. "Hao sijui," akasema. "Siku ile nilikuwa Jang'ombe, harusini kwa mtoto wa dada yangu. Miaka hamsini sikutoka, nimetoka siku moja, wamekufa wawili." Aliona haya kama mtu aliyepitiwa na sala.

Na ungeniambia nichague wawili katika mtaa mzima ambao haifai kuwachanganya, ningewachagua haohao. Mmoja alikuwa Mzee Mbwana mwadhini, wa pili Mzee Khamis muuza kahawa, na walikuwa wamegombana miaka kumi na minane kwa ajili ya mlizamu. Mlizamu wa paa la Mzee Khamis ulitokeza juu ya baraza ya Mzee Mbwana, na kila ikinyesha, maji yote ya juu yalimwagikia pale mwadhini alipopenda kukaa. Mmoja alisema mlizamu ugeuzwe. Wa pili alisema baraza ndiyo iliyoukuta mlizamu. Salamu walipeana, kwa kuwa kuitikia ni wajibu, lakini waliitikia huku kila mmoja akiutazama ukuta. Mzee Khamis hakuwahi kumuuzia mwadhini kahawa, na Mzee Mbwana, watu walisema, alipofika "njooni kwenye sala" aligeuza uso upande usiokuwa wa nyumba ya Khamis. Kisha wakafariki asubuhi moja, miaka mitatu kabla ya mambo haya ninayoyasimulia, wakazikwa saa moja katika nafasi mbili za mwisho zilizobaki. Wajane wao, Bi Saida wa mwadhini na Bi Rukia wa muuza kahawa, waliuendeleza ugomvi kama mtu anavyoendeleza duka. Mlizamu ulikuwa bado unamwaga.

Nilisali rakaa mbili za kuomba uongozi, nikalala mchana nipate ndoto. Nikaota pweza, kwa sababu Bi Zuwena alikuwa amenilisha pweza. Mwisho nikafunga kibao cha Mzee Mbwana kwenye kaburi la kulia, kwa hoja kwamba mwadhini ndiye wa kutangulizwa, na cha Mzee Khamis kushoto. Vilipendeza. Nikavikaza waya mara ya pili, kama kwamba waya ungeleta yakini.

Ijumaa ikafika. Wanaume waliingia makaburini kwa kanzu safi, na wanawake wa familia zote, kama kila mwaka, walipanda kwa Bi Zuwena wafuatilie kisomo kutoka dirishani, kwa hiyo juu yetu palikuwa na vichwa vya buibui vimebanana, na miongoni mwao Bi Saida kona hii, Bi Rukia kona ile. Sufuria kubwa ya bokoboko ilikuwa ikiwasubiri, harufu yake ikitushukia sote, walio hai angalau. Watu wakaviona vibao, wakavisifu. "Mashaallah, hati hii!" Mbarouk, kijana mfupi mwenye kifua cha baba yake, akakaa kwa kibao cha mwadhini, na Abdalla, mrefu, mtaratibu, akakaa kwa kibao cha muuza kahawa. Walipeana migongo. Maalim Sleyum, aliyekuwa ameshika bega langu, akauliza, "Idi, watu washakaa?" "Naam, Maalim." "Kila mtu yuko kwa mzee wake?"

Angeuliza swali jengine lolote ningenusurika. Nilitazama vile vibao. Nikaona namna watu wawili wale watakavyosomewa kila mwaka majina yasiyokuwa yao, kwa ushahidi wa mkono wangu, na mimi nimekaa kwenye mkeka nafundisha watoto wasiseme uongo. "Wote, Maalim," nikasema, "isipokuwa wawili. Hao sijui." Nikaeleza yote, chaki, mvua, pweza. Nilipofika kwenye majina yale mawili, Mbarouk aliinuka na kunyoosha mkono. Abdalla naye akainuka, akasogea karibu naye. Mbarouk akafungua kinywa, akatoa sauti moja tu, "Aaah!" kisha akainama. Nikasema, nimemliza mtoto wa watu juu ya kaburi la baba yake. Abdalla alisimama wima kando yake, uso mkavu, macho juu, kwenye dirisha.

"Hakuna anayejua?" Maalim aliuliza. Wazee wakatazama kulia na kushoto, kwa kuwa siku ile maziko yalikuwa mawili kwa saa moja. "Mbarouk? Abdalla?" Mbarouk akatikisa kichwa, bado ameinama. Abdalla akasema taratibu, "Mola ndiye mjuzi, Maalim." "Basi kaeni katikati nyote wawili," akasema Maalim, "msome mara moja kwa wote. Rehema itajua pa kwenda." Hapo dirishani pakachafuka. "Mume wangu asomewe kisomo kimoja na watu wa mlizamu?" ilikuwa sauti ya Bi Saida. "Baraza ndiyo iliyoukuta mlizamu!" akajibu Bi Rukia. "Miaka kumi na minane nimekausha mikeka!" "Si ungeianika upande wa pili, bibi we!" Na sauti ya Bi Zuwena ikawafunika wote, "Asiyetaka ashuke ngazi ile pale, na bokoboko langu aliache!" Hakushuka mtu. Vijana wawili wakakaa katikati ya makaburi mawili, magoti yamegusana, kwa msahafu mmoja, maana Mbarouk alikuwa ameusahau wake. Nilisimama nyuma nikilia. Kisomo kilipokwisha Maalim akaniambia, "Ramadhani hii utasomesha, kama nilivyosema." Nikambusu mkono. "Lakini chaki," akasema, "sikupi."

Kilichofuata mtaa mzima ulikiona. Kwa kuwa haikujulikana nani yuko wapi, familia mbili zililazimika kusoma pamoja kila mwaka, na kusoma pamoja kukaleta kula pamoja, na mtu akila nawe sinia moja hawezi tena kukuitikia salamu huku anatazama ukuta, atakosa nyama. Baada ya Ramadhani Abdalla akapanda paa la marehemu baba yake na nyundo, akaugeuza mlizamu kwa mkono wake. Wiki iliyofuata akapeleka posa kwa Bi Saida, amwoe Salma, dada yake Mbarouk. Bi Saida alifikiri siku tatu, mvua ikanyesha siku ya pili, baraza ikabaki kavu, akakubali. Mimi nilifungisha ndoa nyingi baadaye, lakini ile niliitazama kama muujiza, nikawa nahadithia darasani miaka nenda miaka rudi namna Mola anavyoweza kuchukua kosa la mtu mzembe akalifanya kheri. Nilijitaja kama kosa lenyewe. Nilidhani huo ndio unyenyekevu.

Sasa niseme alichoninong'oneza Mbarouk mwezi uliopita, siku tuliyomzika Abdalla. Alisema, "Maalim Idi, mimi nilijua siku ileile. Vibao ulivibadilisha, cha huyu kwa yule."

"Umejuaje?"

"Yakhe, si mimi niliyeshuka kaburini kumpokea baba yangu? Kwa mikono hii. Na Abdalla alishuka kwa wake, pembeni yangu, tukapishana mabega. Yuko mwana anayesahau pale?"

Ni kweli. Ndivyo tufanyavyo, mwana huingia kaburini kumlaza baba yake. Nilikuwa nalijua hilo kabla sijajua kusoma. Siku zile nne nilimwendea mwenye hadithi za wote, nikawakimbia wale wawili waliokuwa na jibu, kwa sababu niliona haya kuwatazama machoni. "Mbona hukusema?" nikamwuliza.

"Nilikaa penye jina bila kufikiri, na uliposema ndipo nikainuka nikuoneshe. Nilifungua kinywa. Abdalla akanikanyaga mguu, Maalim, kwa nguvu zake zote, na yeye amevaa viatu na mimi nimevua. Huku anatazama juu, dirishani alikokuwa Salma." Machozi yalikuwa yanamtoka. "Miaka yote hii hatukumwambia mtu. Hata Salma hajui."

Ndipo nilipocheka.

Lakini kibao ni ushahidi, na mimi nina umri wa kuogopa. Baada ya hitima nilimwambia Mbarouk kwamba hatuwezi kuwaacha wazee wetu hivyo. Tukaenda mimi na yeye baada ya Alasiri, na koleo na waya mpya, kwenye makaburi yale. Dirisha la Bi Zuwena, Mola amrehemu, lipo, na siku hizi lina pazia la watalii waliopanga chumba. Tulifungua kibao hiki na kile, tukavibadilisha, Mzee Khamis kulia, Mzee Mbwana kushoto, kisha tukakaa katikati, palepale, tukaanza Yasini. Hatukuwa tumefika mbali alipokuja msimamizi wa makaburi, mtu mwema, mume wa mjukuu wa Salma. Alitusubiri mpaka tukamaliza. Akavitazama vibao, akanitazama mimi. "Shikamoo, Maalim. Nimewaona mnavifungua. Kwani vilikuwa na makosa?"

Mimi sijasema uongo tangu mwaka ule. Niliinuka, nikafungua kinywa nimweleze.

"Aaah!" nikasema.

Mbarouk alikuwa amesimama kando yangu, uso mkavu, anatazama juu.